Nani Alikuwa wa Kwanza?

Swali nililiandika mwenyewe, usiku, kwa mwanga wa simu, kwa sababu jenereta ya kituo chetu ilikuwa imeishiwa mafuta. Nilikuwa natayarisha maswali thelathini ya chemsha bongo ya vijana. Tuliamua yawe kwa Kiingereza, maana vijana wenyewe walisema wanataka mazoezi ya Kiingereza, na zawadi ilikuwa mpira mpya wa miguu. Swali la kumi na saba lilisema hivi: "Who was the first vice president from the South?" Yaani nani alikuwa makamu wa rais wa kwanza kutoka Kusini. Kwenye karatasi yangu ya majibu nilikuwa nimeandika: John Garang, 2005.

Kundi A likajibu, "Abel Alier." Nikasema hapana. Kundi B likajibu, "Dr. John Garang." Nikasema ndiyo, alama mbili. Basi ikawa kelele. Kijana mmoja wa Kundi A, ambaye babu yake alikuwa karani hapa Juba enzi za serikali ya eneo la Kusini, alisimama akaniuliza mbele ya watu wote, "Bwana, kwani wewe umezaliwa lini?" Kundi B nao wakaanza kuwazomea, mmoja akasema wenzao wanamtukana Garang. Nyinyi mnaokaa Juba mnajua maneno kama hayo yanaweza kufika wapi. Kundi A wakatoka nje wote saba, na mpira ukabaki mezani bila mwenyewe.

Anayelinda geti letu ni mzee aliyekuwa mwalimu kabla ya vita ya mwisho. Aliniita. "Ya jena, hebu soma lile swali lako." Nikalisoma. "Hapo kwenye karatasi umeandika kwa herufi kubwa ama ndogo?" Nikaangalia. Ndogo. "Basi wale waliotoka ndio wamepata. Lakini uliwasomea kwa mdomo, na mdomo hauna herufi kubwa. Kwa hiyo na hawa wengine wamepata. Aliyekosa ni wewe peke yako."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifuatilia hili neno "first". Nimeuliza wazee, nimesoma mikataba ya amani ambayo zamani niliona ni vitabu vya wakubwa tu, na nimegundua kwamba neno hili dogo liko katikati ya historia yetu. Pia liko juu kabisa ya kila fomu tunayojaza. Naandika kwa ajili ya nyinyi mnaozijaza hizo fomu na nyinyi mnaozileta.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiingereza cha zamani "first" lilitokana na neno la "mbele". Maana yake ya asili ni aliye mbele kuliko wote. "Second" wao waliliazima kutoka Kilatini kupitia Kifaransa, na asili yake ni "anayefuata". Kwa hiyo Mwingereza akihesabu anaona watu wamejipanga: huyu yuko mbele, huyu anamfuata. Sisi kwa Kiswahili tunasema "kwanza", ambalo linatokana na kuanza. Halitazami mstari wa watu, linatazama jambo lilipoanza. Ndiyo maana tunasema "ngoja kwanza". Ukiwa kwenye foleni ya mgao, mama aliye mbele kabisa ndiye anayeambiwa, "Mama, ngoja kwanza." Yaani wa kwanza anaambiwa kwanza angoje! Jaribu kumweleza hiyo mtu wa Kiingereza.

Basi "first" ina maana mbili zinazokaa nyumba moja. Moja ni ya wakati: aliyetangulia kabla ya wengine wote. Nyingine ni ya daraja: aliye juu ya wenzake walio na cheo kama chake. Kwenye karatasi Mwingereza huzitenganisha kwa herufi kubwa, kwa sababu "First Vice President" ni jina la cheo. Kiswahili kinaweza kuzitenganisha kwa kupanga maneno. Ukisema "makamu wa rais wa kwanza" unazungumza juu ya wakati, na ukisema "Makamu wa Kwanza wa Rais" hicho ni cheo. Lakini ni nani kati yetu anayesema kwa uangalifu namna hiyo akiwa kwenye boda boda pale Konyokonyo? Waarabu nao wana "awal", na hapa Juba "awal" ni yote mawili, na pia ni "zamani".

Tena kuhesabu kunategemea umeanzia wapi. Hili nililijua kabla ya chemsha bongo, ila sikulitilia maanani. Mara moja niliwatangazia akina mama kwamba mkutano ni Jumanne. Nusu yao walikuja Jumatano. Niliwalaumu kimoyomoyo, kumbe wao walikuwa wanasikia "nne", na kwa Kiarabu siku ya nne ni arba, ambayo ni Jumatano. Waswahili wanaanza kuhesabu wiki Jumamosi, ile siku inayofuata Ijumaa, na mosi ni moja. Waarabu wanaanza Jumapili. Na Waswahili wenyewe, ukiangalia vizuri, wana siku mbili za tano kwenye wiki moja: Jumatano ya hesabu yao, na Alhamisi waliyoazima kwa Waarabu, ambayo nayo maana yake ni ya tano. Watu wameishi na hesabu hiyo miaka mingi na hakuna aliyekufa. Lakini anayetoka mbali na mtoto mgongoni akakuta geti limefungwa, yeye haoni kichekesho.

Sasa turudi kwa swali la kumi na saba.

Abel Alier, mwanasheria wa Bor, aliteuliwa na Nimeiri kuwa Makamu wa Rais wa Sudan mwaka 1971. Wakati huo vita ya Anya-Nya ilikuwa bado inaendelea. Yeye ndiye aliyeongoza ujumbe wa serikali Addis Ababa, na Joseph Lagu alikuwa kiongozi wa upande wa pili. Mkataba ukatiwa saini tarehe 27 Februari 1972, Juba ikapata serikali yake ya eneo, na Alier akaja kuiongoza huku akibaki makamu kule Khartoum. Kwa hesabu ya wakati, wa kwanza kutoka Kusini ni huyu. Kundi A walikuwa sahihi kabisa.

Lakini angalia kiti alichokalia. Sudan ilikuwa na utaratibu wa kuwa na makamu zaidi ya mmoja, na juu ya Alier alikuwepo Makamu wa Kwanza, mtu wa Kaskazini, mara nyingi mwanajeshi. Mwaka 1982 Alier akaondoka na Lagu, yule yule aliyekuwa upande wa pili Addis Ababa, akawa Makamu wa Pili mpaka serikali ya Nimeiri ilipoanguka 1985. Wakati huo mkataba wenyewe ulikuwa umeshavunjwa, Kusini imegawanywa mikoa mitatu mwaka 1983, na vita imerudi. Baadaye, enzi za Bashir, George Kongor Arop alikuwa Makamu wa Pili kuanzia 1994, huku Makamu wa Kwanza akiwa Zubair Mohamed Salih, na Zubair alipokufa kwa ajali ya ndege kule Nasir mwaka 1998 akaja Ali Osman Taha.

Unaona mpangilio? Kwa zaidi ya miaka thelathini, mtu wa Kusini akipewa kiti Khartoum, ni kiti cha yule anayefuata. Mzee wetu wa geti anasema zamani watu walikuwa na utani: ukitaka kujua mtu wa Kusini ameketi wapi kwenye picha ya serikali, tafuta namba mbili. Sijui kama utani huo ulienea, ila yeye anaucheka mpaka leo.

Kwa hiyo wakati SPLM na serikali ya Khartoum walipokaa Kenya kuzungumza, Machakos mwaka 2002 kisha Naivasha, hilo neno "first" halikuwa pambo. Mkataba uliosainiwa Nairobi tarehe 9 Januari 2005 ulisema kiongozi wa SPLM atakuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan nzima, na wakati huohuo Rais wa Serikali ya Sudan Kusini. Na halikuwa jina tupu. Rais wa Sudan hakuruhusiwa kutangaza hali ya hatari wala vita bila kibali cha Makamu wake wa Kwanza. Ali Osman Taha, aliyekuwa wa kwanza na ambaye ndiye aliyejadiliana na Garang miezi yote ile, akasogea akawa makamu wa kawaida. Fikiria mtu anayekaa mezani kupatana amani na bei yake ni kiti chake mwenyewe. Sijaona watu wengi wakimsifu kwa hilo, na sisemi asifiwe kwa mengine, lakini hilo alilifanya.

Garang aliapishwa Khartoum tarehe 9 Julai 2005. Umati uliompokea siku moja kabla ulikuwa mkubwa kuliko yeyote alivyotegemea, na ndani yake walikuwepo watu wa Kusini waliokuwa wamekimbilia Khartoum na kukaa pembezoni mwa mji kwa miaka. Wiki tatu baadaye, tarehe 30 Julai, helikopta iliyokuwa inamrudisha kutoka Uganda ikaanguka. Mimi nilikuwa mtoto mdogo Kakuma. Sikumbuki habari yenyewe, nakumbuka sauti. Akina mama walilia kutoka nyumba hadi nyumba, na mimi nikadhani maji ya mto yamebeba mtu.

Hapa kuna jambo ambalo mimi sikulijua na nadhani wengi hawalijui. Watu waliamini kwamba "wa kwanza" maana yake ni anayengoja zamu, kwamba Bashir akiondoka basi Garang anaingia. Sivyo. Mkataba ulisema kabla ya uchaguzi, kiti cha rais kikiwa wazi, chama cha National Congress kitapendekeza mtu mwingine ndani ya wiki mbili. Na kiti cha Makamu wa Kwanza kikiwa wazi, SPLM itapendekeza. Ndivyo ilivyokuwa: Garang alipokufa hakusogea mtu kutoka chini kwenda juu. SPLM wakamtaja Salva Kiir, akaapishwa tarehe 11 Agosti 2005. Kila kiti kilikuwa na mwenyewe. Namba moja ilionyesha unakaa karibu kiasi gani na rais, haikuonyesha njia ya kwenda kwenye kiti chake.

Halafu ikaja tarehe 9 Julai 2011 na nchi mpya. Hapo namba ikapotea. Riek Machar alikuwa Makamu wa Rais, basi. Hakuna wa kwanza wala wa pili, kwa sababu alikuwa mmoja tu. Kwa hesabu ya wakati yeye ndiye makamu wa rais wa kwanza wa Sudan Kusini, kwa herufi ndogo. Tarehe 23 Julai 2013 Rais Kiir akamwondoa pamoja na baraza lote la mawaziri, na mwezi uliofuata James Wani Igga akachukua nafasi hiyo. Tarehe 15 Desemba usiku risasi zikaanza hapa Juba. Yaliyofuata sina haja ya kuwasimulia watu waliokimbilia Tomping na UN House. Wengine wenu mnasoma gazeti hili hapo hapo Jebel, na watoto mliokuja nao mgongoni sasa wananyoa ndevu.

Mkataba wa Agosti 2015 ndio uliorudisha namba. Sababu yake ni rahisi kama ya mwenye nyumba aliyepata wageni wengi kuliko viti. Igga alikuwa makamu na hakutakiwa kuondoka. Machar alitakiwa kurudi, na hakuwa tayari kurudi chini ya Igga. Basi likaletwa lile neno la Khartoum: Machar atakuwa Makamu wa Kwanza, na Igga atabaki Makamu. Nimelifikiria sana hili. Tulipigana miaka mingi kuondoka kwenye meza ya Khartoum ambapo makamu wanahesabiwa, na miaka minne baada ya uhuru tukaenda kuichukua hiyo hesabu tukaileta nyumbani. Sisemi lilikuwa kosa. Pengine bila hilo neno hakuna saini.

Machar aliapishwa tarehe 26 Aprili 2016. Sasa alikuwa "first" kwa maana zote mbili, na nadhani ni mtu pekee katika nchi yetu ambaye ukimuuliza kijana "when did he become first vice president" kuna majibu mawili sahihi, 2011 na 2016. Miezi haikufika mitatu. Mapigano ya Julai yakaanza, Machar akatoka mjini akitembea kwa miguu mpaka Kongo, na tarehe 26 Julai Taban Deng Gai akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza. Kakuma tulikuwa tukisikiliza redio na kusikia cheo kimoja kikitajwa na majina mawili, kutegemea nani anazungumza. Wa kwanza wawili. Mwalimu wetu wa hesabu alisema hiyo haiwezekani. Mwalimu wetu wa historia, ambaye alikuwa Mkenya, akamwambia inawezekana sana.

Mkataba wa Septemba 2018 ukaongeza viti tena. Serikali iliyoundwa Februari 2020 ilikuwa na rais mmoja na makamu watano: Machar akiwa wa kwanza, kisha Igga, Taban Deng, Rebecca Nyandeng de Mabior ambaye ni mjane wa Garang, na Hussein Abdelbagi. Ona kwamba kati ya wale wanne wengine hakuna wa pili, wa tatu wala wa nne. Wote ni makamu tu, kila mmoja na fungu lake la wizara. Taban Deng aliyekuwa wa kwanza kwa miaka mitatu na nusu akawa mmoja wa wale wasio na namba. Na lile la mrithi likaandikwa kama lilivyoandikwa 2005: kiti cha rais kikiwa wazi, jina litatoka upande wake, halitoki kwa Makamu wa Kwanza. Watu wanaogombana kwenye chai juu ya nani "anafuata" wangesoma hapo wangepunguza sauti kidogo.

Machi 2025 Machar aliwekwa chini ya ulinzi nyumbani kwake hapa Juba, na Septemba akafunguliwa mashtaka na kusimamishwa kazi. Mambo yaliyoko mahakamani mimi siyasemi.

Wenye lugha wenyewe, Waswahili wa Zanzibar, wanalo jambo kama hili, na mimi niliona ajabu kulisoma. Baada ya kura ya maoni ya Julai 2010 walibadilisha katiba ili chama kilichoshindwa nacho kiwe ndani ya serikali. Makamu wa Kwanza wa Rais anatoka kwa walioshika nafasi ya pili kwenye kura, na Makamu wa Pili anatoka chama cha rais. Maalim Seif Sharif Hamad alikuwa Makamu wa Kwanza kuanzia 2010, na tena kuanzia Desemba 2020 mpaka alipofariki Februari 2021. Lakini anayesimamia shughuli za serikali kwenye Baraza la Wawakilishi ni nani? Ni Makamu wa Pili. Yaani wa kwanza ana heshima ya kukaa mbele, na wa pili ana funguo. Wale mliokaa Adjumani nanyi mmeyaona ya Uganda: Jenerali Moses Ali, mtu wa hapo hapo, alikuwa Naibu wa Kwanza wa Waziri Mkuu tangu 2016, na mwaka 2021 akawa Naibu wa Pili, na kazi inaendelea.

Haya ni ya wakubwa. Sasa nije kwa yetu, maana hapa ndipo mimi nilipoumiza mtu.

Mwaka jana tulikuwa na mafunzo ya ushonaji ya wiki kumi na mbili, na wanafunzi walipewa nauli. Fomu ilisema "First Name", halafu "Last Name". Dada mmoja Mkongomani, mkimbizi anayekaa Gudele, aliniuliza kwa Kiswahili, "Kaka, jina la kwanza ndiyo lipi?" Nikamjibu haraka, kwa sababu nyuma yake walikuwa watu arobaini, "Lile unaloanza nalo kuandika."

Nilimjibu kwa Kiswahili cha kuanza. Fomu ilikuwa inauliza kwa Kiingereza, na hata Kiingereza chenyewe hapo hakisemi kinachomaanisha. Kinataka jina lako mwenyewe, ulilopewa ulipozaliwa, na kwao hilo huja mbele. Huyu dada shuleni kwao alifundishwa kuandika jina la ukoo kwanza, halafu lile la katikati, na jina la ubatizo mwishoni kabisa. Hilo lilitoka kwa Mobutu, ambaye mwaka 1972 alipiga marufuku majina ya Kikristo na kuwataka watu waongeze jina la kienyeji. Baadaye majina ya Kikristo yakarudi, yakakuta nafasi ya mwisho. Na kichekesho ni kwamba neno la Kifaransa la jina hilo la mwisho lina maana ya jina linalotangulia.

Basi akaandika jina la ukoo kwenye kisanduku cha kwanza. Kadi yake ya ukimbizi imeandikwa kinyume chake. Ofisi iliyokuwa inalipa nauli ikalinganisha, ikasema hawa ni watu wawili. Wiki sita hakulipwa. Hakuniambia, alidhani ndiyo utaratibu, na alikuwa akitembea kutoka Gudele kila asubuhi akiwa na mimba ya miezi sita. Nilikuja kujua siku alipoanguka darasani. Mimi na yeye tulienda ile ofisi mara nne na barua ya kituo. Walisahihisha majina kwa kalamu. Nauli ya zile wiki sita haikurudi, kwa sababu walisema mwezi wa hesabu umefungwa.

Na si yeye tu. Kijana wa kutoka Khartoum ana majina manne, lake, la baba, la babu na la babu wa baba, na fomu ina visanduku viwili. Leo anaandika la nne kama la mwisho, kesho mtu mwingine anamwandikia la pili. Mhabeshi wa kambi ya Gorom ana jina lake na la baba yake, na ukimwita kwa "last name" unamwita baba yake, ambaye pengine amefariki. Sisi wa Kusini tuna matatu. Kaka na dada wa Burundi, baba mmoja mama mmoja, kila mmoja ana majina yasiyofanana na ya mwenzake, na nimeona wakiulizwa kama kweli ni ndugu. Wenzangu mnaofanya kazi kwenye mashirika, najua fomu hazitungwi Juba. Lakini anayekaa nazo mezani ni wewe.

Kwenye kituo chetu tulibadilisha. Niliondoa "first" na "last". Nikaandika kwa lugha tatu: jina lako mwenyewe, jina la baba, jina la babu. Nilijivunia sana. Nikampelekea yule dada aione kabla haijachapishwa, akiwa na mtoto wake mikononi. Akaisoma, akacheka.

"Kaka, na mimi ambaye lile jina langu la mbele si la baba wala la babu? Ni la shangazi ya mama. Niliandike wapi?"

Sikuwa na jibu. Tulikaa pale chini ya mwembe, mzee wa geti akaja naye akatoa maoni yake marefu, na mwishowe yeye mwenyewe dada akachukua kalamu akafuta mistari yangu yote mitatu akaandika mmoja: majina yako yote, yafuatane kama yanavyofuatana kwenye kadi yako. Hiyo ndiyo fomu tunayotumia sasa. Kundi A na Kundi B watarudiana Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tisa, na mpira bado uko kabatini. Swali la kumi na saba tutalisoma kwa Kiswahili.